Tundu la Juu

Jana alasiri niliota ndoto, na wakati naiota nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali ya wilaya, kalamu mkononi, mfuniko wake mdomoni. Naeleza mapema nilivyokaa ili mtu asije akasema niliinuka nikazurura. Sikuinuka. Mke wangu, Mama Asumini, alikuwa ubavuni kwangu akishona kofia ya mtoto, na yeye ndiye shahidi wangu.

Binti yetu Asumini alijifungua juzi, mimba ya miezi saba. Mtoto wa kike, kilo moja na robo. Wodini kuna kisanduku cha kuwapasha joto watoto kama huyo, kipya kabisa, msaada kutoka Mashariki. Soketi ya ukutani iliwekwa zamani na watu wa Magharibi. Plagi ya kisanduku ina miguu miwili ya mviringo, soketi ina matundu matatu ya bapa, na hayo mawili ya chini hayafunguki. Fundi anasema kesho. Tangu juzi anasema kesho, na mtoto alikuwa anazidi kupoa. Mimi nilikuwa sijamtia machoni, maana wodi ile wanaume haturuhusiwi. Sista Mwanaidi alinipa fomu nijaze jina la mjukuu, nikawa naitazama tu. Niliogopa kumpa jina, halafu jina lije likabaki peke yake.

Sasa mjue mimi ni mtu wa namna gani. Miaka thelathini nimekuwa mtunza ghala wa chama cha ushirika cha korosho. Nimepokea matrekta ya Mashariki, nimepokea pampu za Magharibi, na sijaona hata siku moja msaada ukaja bila mtu wa kuusindikiza, mwenye miwani, anayeuliza maswali yasiyomhusu. Kwa hiyo nilipoona mizani ya watoto imesimama katikati ya korido, imevaa kofia ya polisi, sikushangaa. Nilisema moyoni, haya, wameshafika.

Chini yake kulikuwa na mstari wa chaki. Umekata korido katikati, umepanda ukutani, umepita juu ya picha ya mama anayenyonyesha na kumgawa yule mama titi huku na titi kule.

"Panda," mizani ikasema.

Nikapanda. Mshale ukachezacheza.

"Shati la mtumba, Magharibi. Kandambili, Mashariki. Juu uko huku, chini uko kule. Mzee, nani amekutuma?"

"Nimekuja kumwona mjukuu wangu."

"Wote husema hivyo. Umeegemea Mashariki gramu arobaini."

"Hizo ni kandambili."

"Zivue."

Nikavua. Mshale ukahamia upande wa pili. Ikasema sasa nimeegemea Magharibi, nikavua na shati. Mshale ukasimama katikati. Mizani ikaandika kwenye daftari kwamba mtu asiyeegemea popote ndiye wa kuchungwa zaidi.

Nageuka, korido haipo. Nimo ndani ya ghala langu la korosho, na harufu ni ileile ya magunia. Trekta moja la Mashariki limekaa kwenye kiti linasoma gazeti. Gazeti lina matundu mawili mahali pa macho. Pampu ya Magharibi imekaa kiti cha mbali, nayo ina gazeti kama hilo. Katikati, juu ya meza yangu ya zamani, kuna kisanduku cha kupasha joto, na ndani yake amelala mtoto mdogo kuliko nilivyowaza.

Mstari wa chaki umetufuata. Mama Asumini amekaa juu yake, goti huku na goti kule, anashona.

"Mama Asumini," namwambia kwa sauti ya chini, "umekalia mpaka."

"Mpaka gani? Mtoto anapoa, Baba Asumini."

Mizani ikampigia saluti. Yeye haikumpima, sijui kwa nini, na jambo hilo nalo nililitilia shaka.

Plagi inaning'inia kwenye waya wake, inaninong'oneza. "Siwezi kuingia mle. Yule ana matundu matatu. Mimi miguu yangu miwili. Muulize hilo la tatu anasikilizia nini."

Nikaenda ukutani. Soketi nayo inanong'ona. "Mimi naona miguu miwili tu. Wa tatu kauficha wapi?"

Hawakuwa wanasemezana. Kila mmoja alikuwa anasema na mimi, na kila mmoja akinitaka nisimwambie mwenzake.

Mtoto amelala ubavu wa kulia. "Anatazama Magharibi," kisanduku kikasema. "Nitampashaje joto mtu anayenipa kisogo?" Nikaingiza mkono, nikamlaza ubavu wa kushoto. "Mmeona?" soketi ikasema. "Kageuka. Kilo moja na robo, tayari kageuka." Nikamlaza chali. Nikadhani yamekwisha.

"Anatazama juu," mizani ikasema. "Huko juu kuna setilaiti za nani?"

Nikamshika mguu. Ulikuwa wa baridi kama kijiko. Hapo niliogopa kweli, na sioni aibu kusema.

Fomu niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa imebadilika. Mahali pa jina pamefutwa, pameandikwa Mashariki, chini yake Magharibi, kila moja na nafasi yake ya kutia tiki. Trekta limeshusha gazeti. Pampu imeshusha gazeti.

"Saini tu, mzee," wakasema kwa pamoja, kisha wakatazamana vibaya kwa kuwa wamesema kitu kimoja. "Saini, apate joto."

Saini mimi nazijua. Nikitia tiki Mashariki, soketi inajifunga. Nikitia Magharibi, kisanduku kinajifunga na mtoto ndani. Nikaitazama ile kalamu, nikaishuku na yenyewe. Nani alinipa kalamu hii?

"Baba Asumini," mke wangu akasema bila kuinua macho, "simu nyumbani huwa unachajije?"

Nikarudi kwa soketi. "Tundu lako la juu ni la nani?"

"Hilo si la mtu. Hilo ni la waya wa usalama."

"Unakwenda wapi?"

"Unashuka ukutani. Unaingia chini, kwenye udongo."

"Udongo wa wapi?"

Trekta likainua gazeti tena, pampu nayo.

"Wa hapa," soketi ikasema.

"Basi sihitaji saini ya mtu," nikasema. Nikautoa mfuniko wa kalamu mdomoni, nikausukumiza kwenye tundu la juu. Ndani pakalia tk. Matundu mawili ya chini yakafunguka yenyewe, kama yanavyofunguka kwangu kila siku ninapochaji simu. Nikaishika plagi shingoni ikiwa bado inalalamika, nikaichomeka.

"Mimi huyu simjui," plagi ikasema.

"Wala mimi," soketi ikasema.

Taa ya kijani ikawaka. Mtoto akapiga chafya.

Nikazinduka. Mama Asumini alikuwa ananitikisa bega, kofia ameshaimaliza. Shati ninalo, kandambili ninazo. Sista Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni mwa wodi, amekunja uso.

"Babu, njoo uone. Uishie hapa mlangoni. Kisanduku kinafanya kazi, na joto la mtoto limepanda."

"Fundi kaja saa ngapi?"

"Fundi kasema kesho." Akanitazama juu hadi chini. "Si wewe uliyeingia?"

"Mimi nilikuwa nimekaa. Muulize mwenzangu."

"Hajainuka huyu," Mama Asumini akasema. "Alikuwa anakoroma."

Nikachungulia. Asumini ameegemea kitanda, analia na kucheka. Mtoto amelala chali, vidole vya miguu vimekunjuka. Macho yangu yakafuata waya kutoka kwenye kisanduku, taratibu, mpaka ukutani. Plagi imeingia. Juu yake, kwenye tundu la tatu, umechomekwa mfuniko wa kalamu wa bluu, mkia wake umetafunwatafunwa.

Nikayaramba meno yangu. Mdomoni hamkuwa na kitu.

"Nipe fomu yako, babu," sista akasema.

Ilikuwa fomu ileile ya mwanzo, ina nafasi moja tu ya kujaza. Nikaandika Somoe, jina la mke wangu, kwa herufi kubwa, nikamkabidhi. Sista akaisoma, kisha akaiangalia kalamu.

"Haina mfuniko hii. Wino utakauka."

Nikamwambia ukauke tu.