Tambi za Watu Wanne

Usiku wa kuamkia leo niliota nakoroga unga wa tambi za mayai, zile za Kijerumani ambazo marehemu mke wangu, Adelina, alifundishwa na masista wa misheni. Unga wa ngano, mayai manne, chumvi, maji kidogo. Piga kwa mwiko mpaka utoe mapovu, alikuwa akisema, kisha uache upumzike nusu saa.

Nikapiga mpaka mkono ukafa ganzi. Mapovu yalipotoka, unga ukasema umechoka.

"Pumzika basi," nikasema.

"Humu kwenye bakuli?"

Nikaubeba hadi chumbani. Ukalala upande wa Adelina, ukajifunika shuka gubigubi. Nikakaa pembeni nikitazama saa. Kusema kweli nilifurahi, maana upande ule haujalaliwa mwaka mzima.

Nusu saa inatimia. Unga unaamka na kuniuliza wenzangu wa kula nao wako wapi. Nauliza wenzangu gani.

"Mimi ni wa watu wanne," unasema. "Hesabu mayai. Kwa mtu mmoja siivi."

Nikajitia sikusikia. Nikaupaka kwenye ubao, nikaukwangua kwa kisu, vipande vyembamba vikaangukia maji yanayochemka. Tambi hizi zikiiva huelea. Zangu zilizama zote. Nikainama kuchungulia, na sasa niko chini kabisa ya sufuria. Maji hayaunguzi. Tambi zimekaa kando yangu kimya, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

"Osmund," ikasema moja, "lini ulikula na mtu mara ya mwisho?"

Nikasema siku tulipoanua matanga ya Adelina. Nikalia palepale. Tambi zikaonja maji, zikasema chumvi sasa inatosha.

Zikaniuliza jirani yangu ni nani. Nikakiri ni Mama Skola wa mlango wa kijani, ambaye hunisalimia kila asubuhi nami nakohoa tu nikipita.

Ubavuni mwa sufuria kuna mlango wa kijani. Nabisha hodi, bakuli mkononi. Mama Skola anafungua, na wala hashangai kuniona nimelowa chapachapa.

"Karibu, babu," anasema. "Tulidhani hutaki watu."

"Nawataka."

Neno hilo lilinitoa jasho kuliko kupiga unga wote ule. Akapokea bakuli, akawaita wanawe wawili waje kunawa. Nyuma yangu tambi zikaanza kupanda juu, moja moja, bila haraka.

Nikaamka. Jiko lilikuwa baridi, mfuko wa unga haujafunguliwa, mayai yote yapo. Nikajiambia ni ndoto tu, nikaenda kufungua mlango wa nje.

Bakuli langu lilikuwa kizingitini, limeoshwa, na ndani yake magimbi ya moto yaliyofunikwa kwa kitambaa cha maua.

Kitambaa hicho si changu. Itabidi nikirudishe.