Makombo Yasiyonata

"Mashine yenu inatafuna bati kutwa nzima. Mbona sijawahi kuona makombo yake?"

Ndivyo jirani alivyomuuliza Mama Fundi, wakati kile kichwa kipya cha kukatia bati kilipokuwa bado kioja cha mtaa. Jirani alikuwa mshonaji, cherehani yake ikitazamana na mlango wa karakana, na hakuna lililompita. Mama Fundi alikuwa ameshika fagio. Kabla hajajibu, mwanawe, Fundi, akadakia kutoka ndani.

"Shangazi, huyu amelelewa. Akimaliza kula anafuta mdomo."

Wakacheka wote watatu.

Kichwa chenyewe kilikuwa kidogo, hakizidi kiganja. Fundi alikifunga mbele ya drili ya betri, na drili ikizunguka, kijino chake kilipanda na kushuka mbiombio kama sindano ya cherehani, kila mara kikimega bati kidogo. Hakikukunja bati kama mkasi wala hakikurusha cheche. Kiliacha njia safi, na chini kikamwaga vipande vyembamba vyenye umbo la ukucha uliokatwa. Hivyo vipande ndivyo vilikuwa balaa. Viliingia kwenye soli, vikaingia kwenye unyayo, na aliyevikanyaga pekupeku alivikumbuka wiki nzima. Kwa hiyo Fundi alitoa sumaku kwenye spika mbovu, akaifunga kamba, na kila jioni akaiburuta sakafuni, huku na huku, mpaka ikaota manyoya ya chuma. Akaipangusa juu ya kopo la rangi. Vumbi lililobaki lilikuwa la mama yake na fagio lake.

Miezi minne sasa tangu Fundi aanguke kutoka kwenye paa la watu. Mifupa ilipona, mgongo ukakataa. Nesi wa zahanati alimpa vidonge vikali, akamwongezea, akamwongezea tena, kisha siku moja akafunga kabati.

"Hivi vikishakuzoea, baba, havikuachi," alimwambia mbele ya mama yake. "Kuanzia leo ni mazoezi na maji ya moto."

Tangu siku hiyo Fundi hakulala. Mama alimsikia nyuma ya ukuta akigeuka, akiinuka, akihesabu hatua. Akamwombea. Halafu asubuhi moja jua likaingia dirishani na Fundi bado amelala fofofo, mdomo wazi, kama alivyolala utotoni. Mama alipiga magoti pale pale mlangoni, akamshukuru Mungu hadi machozi yakamdondoka.

Alipoinuka, mshonaji alikuwa anabisha hodi na habari mkononi. Stoo ya zahanati ilikuwa imekatwa ukuta wake wa bati kwa nyuma. Kopo zima la vidonge limekwenda. Polisi wamemchukua mlinzi, yule mzee waliyemwita Babu Filimbi.

"Wamemuuliza alisikia nini," alisema mshonaji. "Eti alisikia panya wakitafuna. Wakamcheka. Wakamwambia, mzee, panya wa kula ukuta wa stoo ndio kwanza tunawasikia, sema ulimfungulia nani geti."

"Na kifua chake kile?"

"Ndiyo hapo sasa. Amelazwa kwenye saruji tupu. Kikohozi kimeshaanza. Yule hamalizi wiki mle ndani, dada, nakwambia."

Mama Fundi alichukua fagio.

Siku ya tatu kopo la makombo likawa limejaa, akalibeba kwenda kulimwaga shimoni. Aliliinamisha, akasita. Katikati ya vile vipande vinavyong'aa kulikuwa na misumari yenye kutu, kipande cha waya, na vizibo vinne vya soda. Alivitazama kwa muda. Karakana ile aliifagia yeye, asubuhi na jioni, tangu mumewe angali hai. Kizibo cha soda hakijawahi kulala mle.

Alirudisha kopo mahali pake, akajifunga leso, akaenda zahanati kuchukua vidonge vyake vya presha. Alipovipata hakutoka kwa njia ya mbele. Alizunguka nyuma ya stoo.

Tundu lilikuwa bado wazi, upana wa mabega ya mwanamume. Alipitisha kidole kwenye ukingo wake. Ulikuwa laini, wenye vijiwimbi vidogo vidogo vilivyofuatana. Mkasi haukati hivyo. Akatazama chini. Kushoto na kulia ardhi ilijaa takataka za miaka, misumari, vizibo, mabaki ya makopo. Lakini mbele ya tundu, mahali pa kutandika mkeka mmoja, hapakuwa na hata msumari. Vumbi lilikuwa na michirizi ya kitu kilichoburutwa huku na huku. Na ndani ya michirizi, vikimetameta, vipande vyeupe kama kucha.

"Mama Fundi, unatafuta nini huko?" Nesi alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Nisichotaka kukipata."

Nesi alidhani ni mzaha. "Angalia usijikate. Alumini hiyo. Tuliiweka kwa sababu hailiwi na kutu, kumbe tumemrahisishia mwizi."

Mama Fundi aliokota vipande sita, akavifunga kwenye pindo la leso.

Alimkuta Fundi akikata bati la mfereji wa paa. Alisimama pembeni mpaka drili ikanyamaza. Uso wa mwanawe ulikuwa mtulivu, umejaa usingizi wa siku tatu.

"Baba, njoo uone."

Alifungua pindo juu ya meza. Fundi aliona makombo, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sumaku. Akaipitisha juu. Hakikuruka hata kimoja. Akaishusha mpaka ikavigusa, akaiinua. Vilikuwa vimelala vilevile.

Hapo akaelewa. Mama alimwona akielewa.

"Sumaku ilirudi nzito," Fundi alisema taratibu. "Giza lile, nikaishika, nzito. Nikajua imebeba yote."

"Ilibeba misumari na vizibo, alumini ikaiacha chini. Vimo kwenye kopo lako."

Fundi akageuka kulitazama kopo, kisha akacheka kidogo puani, kicheko kisicho na mtu ndani yake.

"Vidonge viko wapi?" mama aliuliza.

"Vipo."

"Babu Filimbi anakohoa kwenye saruji."

"Watamwachia. Hawana ushahidi."

"Mimi ninao."

Fundi aliweka sumaku chini. Drili hakuiweka. Alikwenda mlangoni, akausukuma kwa bega, na mwanga ukapungua chumbani hadi ukabaki ufito mmoja sakafuni. Ng'ambo ya barabara cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mama," alisema, kwa sauti ya upole ambayo mama hakuwahi kuiogopa mpaka siku ile. "Ni nani mwingine umemwonyesha?"

Mama aliutazama mkono ulioshika drili. Mkono kama wa marehemu mumewe, mpana, wenye kovu dogo chini ya kidole gumba. Yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga kitambaa jeraha lake, mtoto akiwa na miaka saba.

"Twende wote," alisema. "Nitakushika mkono kama siku ya kwanza ya shule. Vilivyobaki tuvibebe, tumkabidhi nesi, tuwaambie wamtoe mzee."

"Na usiku?"

"Usiku nitakesha na wewe."

"Huwezi kuujua usiku wangu, mama."

"Nausikia wote. Ukuta ni mwembamba."

Fundi hakutoka mlangoni.

"Baba yako nilimzika kutoka humu humu," mama alisema. "Nyumba hii haitamzika na mzee wa watu. Nakwenda, baba. Ukinifuata, nitafurahi."

Akaanza kufunga pindo la leso. Vipande vilikuwa vitano. Akahesabu tena, vitano. Ngumi ya kushoto ya Fundi ilikuwa imefumbwa, na kati ya vidole damu ilikuwa inatoka, nyembamba, ikidondoka juu ya kiatu.

"Hicho baki nacho," akamwambia.

Alimsogelea, akasimama mbele yake, kichwa kikimfika kifuani, akangoja. Pumzi ya mwanawe ilimpiga utosini. Drili ililia mara moja, fupi, kama kidole kimeteleza. Mama hakushtuka wala hakuinua macho. Aliunyosha mkono ubavuni mwa Fundi, akauvuta mlango, akajipenyeza, akatoka, akashika njia ya zahanati.