Sufuria ya Siki

Baba mkubwa alikisukuma kibao chenye sufuria ya siki kutoka ukingoni mwa meza mpaka katikati, kisha akaweka kofia yake pale ilipokuwa sufuria. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa fundi saa, na fundi saa akiona kitu kimekaa ukingoni mkono wake haumtulii. Maisha yake yote alikuwa akiokoa skrubu zisidondoke. Aliendelea kutusimulia habari za barabara mbovu aliyopita asubuhi ile. Mimi nilikuwa mlangoni na beseni la vitango mikononi. Shangazi alikuwa kwenye sinki, amemgeukia kaka yake uso mzima, anatabasamu na kuitikia, "Ehee, kaka, ehee," kama mtu anayeona kila kinachofanyika.

Sikusema kitu. Nimelifikiria jambo lile mpaka limeota sugu, na hadi leo sijalipata neno ambalo lingetufaa. Ningesema, "Baba mkubwa, rudisha sufuria," angeuliza kwa nini, na jibu la swali hilo ndilo tulilokuwa tunalificha nyumba nzima.

Vitango vyenyewe havikuwa matango ya sokoni. Vilikuwa vidogo, havizidi kidole, vina vipele vinavyokwaruza, na vilitambaa kwenye kamba alizozifunga mama kutoka kwenye makopo ya rangi hadi juu ya ukuta wa nyuma. Ukichelewa kukichuma leo, kesho unakuta jitu limejaa mbegu, halina kazi. Mama alipanda na kuchuma. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyevitia siki. Hakuna aliyegusa kazi ya mwenzake, na mama akithubutu hata kuonja yale maji ya chumvi, shangazi alimwambia, "Wifi, rudi shambani kwako," na shamba lenyewe ni makopo.

Baba alipofariki, watu walitegemea mama afunge mizigo yake arudi kwao. Nyumba ilikuwa ya shangazi, si yetu. Ndugu walikaa sebuleni wakasafisha makoo, na kabla ya yeyote kusema neno shangazi alisimama katikati yao na aproni yake. "Wifi haendi popote. Akienda, nani atanipandia vitango?" Kikao kikaishia hapo. Mama hakuwahi kumshukuru kwa maneno, ila tangu siku hiyo aliongeza makopo kila mwaka mpaka ukuta haukuonekana.

Halafu kisukari kikaja, nacho kama kawaida yake hakibishi hodi. Kilianza na kidole cha mguu cha shangazi. Baba mkubwa alimchukua shangazi akamwuguza nyumbani kwake mpaka kidonda kikafunga, na sitaki kumsingizia, alimtunza kama yai. Shangazi alirudi amenenepa na amenuna. "Kule hata kijiko unashikiwa," alimwambia mama. "Unafunguliwa mdomo kama kifaranga. Nikiinuka, watu watatu wanainuka." Baba mkubwa alipomshusha mlangoni siku ile alisema mbele yetu sote kwamba macho ya mdogo wake yakikataa tu, anarudi kwake moja kwa moja, wala hatataka mjadala. Alisema kwa upendo. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo.

Tuligundua kwa sababu ya kibanio cha nguo. Mama alifungua chupa moja ya msimu uliopita, akakuta katikati ya vitango na kitunguu saumu kumesimama kibanio cha mbao, kimekolea siki kama wenzake. Alinionyesha bila kusema, akakitupa, na kikapu cha vibanio akakitoa jikoni akakipeleka nje. Alidhani amemaliza. Kesho yake shangazi aliingia jikoni, akapapasa rafu, akasimama.

"Wifi, nani kahamisha vibanio?"

"Mimi."

"Vilikukosea nini?"

Mama hajui kudanganya, hajawahi kujua. "Kimoja nimekikuta kwenye chupa," alisema.

Shangazi alicheka kwanza. Aliuliza kama kilikuwa kimeiva. Kisha akavuta kiti, akakaa, akalia kilio kile cha kimya kinachotikisa mabega tu, na mama akapiga magoti mbele yake akamshika mikono.

"Nimebaki na mwanga na kivuli tu," shangazi alisema. "Wewe nakujua kwa miguu, unaburuza wa kushoto. Wifi, kaka asijue. Nikirudi kule nimekwisha."

"Hatajua."

"Na huyu?" Alinielekea mimi, na akakosea kidogo, akawa anazungumza na jokofu.

"Huyu ni mwanao," mama alisema. "Atasema nini?"

Tangu hapo hakikuhama kitu ndani ya nyumba ile. Kiti kikivutwa kinarudishwa. Kisu kulia, upawa kwenye msumari wake, sufuria ya siki pembeni kabisa ya meza upande wa kushoto, mkono wa sufuria ukiwa umeelekea dirishani. Mimi nilikuwa katika umri wa kutupa viatu popote, na nakiri nilichoka. Niliona kama tunaishi ndani ya picha. Lakini nilivirudisha viatu, kwa sababu nilikuwa nimemwona akifanya kazi.

Na kazi alifanya, tena kuliko sisi wenye macho. Alivisugua vitango kwa kitambaa kigumu na chumvi mpaka vipele vikaisha. Alivitenga kwa kuvibingirisha kwenye kidole gumba, vinene huku, vyembamba huku. Alijua kwa ncha ya ukucha upande uliokuwa na ua, na upande huo aliukata, kwa maana ukiuacha, kitango hulainika ndani ya siki kikawa kamasi. Alivipanga kwenye chupa vikiwa wima, vimebanana. Halafu akachota siki inayochemka, yenye chumvi, haradali na pilipili manga, akamimina huku ameinamisha sikio. Chupa ikikaribia kujaa sauti yake hupanda, yeye akaacha hapo hapo, wala tone halikumwagika. Mwisho alizifunga, akakaa kimya kuzisikiliza zikipoa, mfuniko mmoja mmoja ukijivuta chini kwa mlio mdogo. Ambao haukulia aliuona kwa masikio, akauita mvivu, akaufungua upya.

Kwa hiyo baba mkubwa alipotuma habari kwamba anakuja, na kwamba ameambiwa na mtu kuwa mdogo wake siku hizi anawasalimia watu kwa kuchelewa, shangazi aliamua ni siku ya kutia siki.

"Wifi, kaa tu, mpe chai, mzungumze," mama alimsihi. "Siki utaitia akiondoka."

"Nikikaa atanitazama mimi. Nikifanya kazi atatazama kazi."

"Na ukikosea?"

"Nimekosea lini?"

Mama alimkumbusha kibanio. Shangazi akasema kibanio kile kilipata bahati ambayo vibanio vingine haviijui, na wote wawili wakacheka wakiwa wameshikana kama wasichana. Niliwaona. Waliogopa mno, wote wawili, na bado walicheka.

Ilikwenda vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Baba mkubwa alifika, akakaa, akamtazama shangazi akikata ncha za vitango bila kupoteza hata kimoja, na nikaona uso wake unafunguka. Alikuwa amekuja na wasiwasi na wasiwasi ulikuwa unamtoka. Alianza hata kumtania. "Mdogo wangu, hizi chupa zote unamlisha nani?" Shangazi akamjibu kwamba anawalisha watu wanaokuja mikono mitupu. Mama alisimama kando ya jiko na kitambaa cha kushikia sufuria, na kwa mara ya kwanza siku ile mabega yake yalishuka. Aliipeleka sufuria ya siki mezani, akaiweka mahali pake, akaenda uani kuleta chupa zilizokuwa zinakaushwa juani. Ndipo mkono ulipomwasha fundi saa.

Shangazi alikausha mikono, akachukua upawa kwenye msumari. Alikuja na mkono wa kushoto ukitembea kwenye ukingo wa meza, kama siku zote, kuutafuta mkono wa sufuria. Ukagusa kofia. Nilimwona anasita, kitambo kidogo tu. Mtu mwingine angeuliza, "Sufuria iko wapi?" Yeye hakuweza kuuliza. Akatabasamu zaidi, akanyoosha mkono mbele kwa haraka ya mtu anayejua anakokwenda, kiganja kikagonga ukingo wa sufuria, na siki yote ikamjia, kuanzia kwenye kiwiko mpaka tumboni.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, na upawa ukaanguka. Mama aliingia mbio. Mimi niliangusha beseni, vitango vikatapakaa, na harufu ya siki ikatuingia machoni sote.

"Nimeteleza," shangazi alisema. "Kaka, nimeteleza tu."

Sakafu pale aliposimama ilikuwa kavu. Baba mkubwa aliitazama. Akatazama sufuria iliyolala ubavu katikati ya meza, akatazama kofia yake.

"Niliisogeza mimi," alisema.

"Hapana, nimeteleza."

"Mimi ndiye niliyeisogeza, mdogo wangu. Mbele yako. Ulikuwa unanitazama."

Mama alikuwa anammwagia maji ya bomba kwa bakuli, tena na tena, midomo yake inacheza bila sauti. Shangazi alikuwa na njia moja ya kujitetea, nayo ilikuwa kusema kwamba haoni, neno lile lile alilokuwa akilificha. Aling'ang'ania kuteleza. Alisema tena ameteleza, na safari hii aliliambia dirisha, kwa sababu baba mkubwa alikuwa ameshainuka na kuzunguka meza bila kutoa mlio, na alikuwa amesimama ubavuni pake analia.

Kutoka hospitali shangazi hakurudishwa kwetu. Mama alimfuata baba mkubwa kwenye korido, na mimi nilimfuata mama.

"Shemeji, niachie. Nitamwangalia mimi."

"Mmemwangalia," alisema. "Ameungua mezani kwenu."

"Meza ni yake. Nyumba ni yake."

"Najua ni yake. Kaeni humo, hakuna atakayewagusa." Alijifuta macho na leso. "Mnataka nimwache mpaka ajitie kisu? Mficha maradhi kilio humuumbua, shemeji, na ninyi mlikuwa watatu mnaficha."

Baba mkubwa alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie. Mtu mbaya unaweza kugombana naye. Yule tulisimama naye kwenye korido tukilia naye, kisha akamchukua.

Mama aliacha kuchuma. Vitango vilivimba kwenye kamba, vikawa vya manjano, vikapasuka, nzi wakaja. Nilipojaribu kuchuma mimi aliniambia niache, nani atavitia siki, mimi? Nilimwambia ndiyo, mimi. Nilitia chupa chache. Sikujua upande wa ua, nikakata upande si wake, na vyote vikalainika.

Tulimtembelea shangazi mkono ulipokuwa umepona. Nyumba ya baba mkubwa ilikuwa safi, ina mazulia, ina saa kila ukuta, zote zinakwenda sawa. Shangazi alikuwa kwenye kochi kubwa karibu na redio, amevishwa vizuri, amesukwa. Mke wa baba mkubwa alituletea chai na vitafunwa, na vya shangazi vilikuja vimeshakatwakatwa. Nilipomsalimia nilishika mikono yake. Nilikuwa nimeizoea ikiwa mikavu, ina nyufa za chumvi, inanuka siki na kitunguu saumu hata siku za sikukuu. Sasa ilikuwa laini kabisa, kiasi kwamba nilidhani nimeshika ya mtu mwingine.

Mama alimweleza habari za mtaa. Alimweleza paa linalovuja. Shangazi alisikiliza kwa adabu na kusema pole. Habari za makopo hakuuliza, na mama, aliyekuwa amezifungasha njia nzima ili amweleze vizuri, akabaki nazo.

Tulipoaga, shangazi aliweka mikono kwenye kochi, akainuka nusu ili atusindikize.

"Keti, wifi," mke wa baba mkubwa alimwambia kwa upole, akitoka upande wa pili wa chumba. "Keti, nitawafungulia mimi."

Mama alisimama mlangoni akingoja. Nilijua anachongoja. Alikuwa anangoja shangazi aseme mlango anaujua, aseme yeye si mgonjwa wa miguu, amwambie yule mwanamke neno la kumrudisha jikoni kwake. Alingoja mpaka nikaona haya, mpaka mke wa baba mkubwa akatutazama akidhani tumesahau kitu.

Shangazi alikuwa ameshaketi. Mama akamuaga tena, mara ya pili, tukatoka.