Hisa Kumi na Tatu za Norbert

Dada yangu Delphine ni mkaidi wa kuzaliwa, na mimi nina mdomo. Tukianza kupigiana simu Jumapili, mume wangu huchukua gazeti lake akaenda kukaa garini.

Januari ile nilimpigia kwa jambo moja tu. Delphine alikuwa na hisa elfu nne na kumi na tatu za Brandvold, kampuni ya pampu iliyoko mjini kwake Wisconsin, mwendo wa saa mbili kutoka kwangu Chicago. Yeye na marehemu mume wake Norbert walifanya kazi hapo miaka thelathini na moja, na kila mwezi kampuni ilikata kidogo kwenye mishahara ikawapa hisa. Akiba nyingine ya maana hakuwa nayo. Maisha yake yote yalikuwa kwenye pampu.

Na alikuwa na ndoto yake. Mzee Lambert Riesch alikuwa anauza ukumbi wa bowling, mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini, ule ambamo Delphine alijuana na Norbert kwa kumwangushia mpira wa kilo sita mguuni. Mzee alikubali kumngoja hadi tarehe mosi Mei. Asipolipa siku hiyo, kulikuwa na bwana mwingine aliyetaka kuubomoa afanye maegesho ya magari. Ukichanganya bei ya ukumbi na kodi ya serikali, hisa zilitakiwa zisishuke chini ya dola arobaini. Wakati huo zilikuwa arobaini na sita.

"Uza sasa hivi," nilimwambia. "Hela iweke benki, ulale usingizi."

"Siuzi."

"Zikianguka je, Dada?"

"Brandvold haianguki. Halafu mimi sikai kiti cha mwisho, ng'o!"

Wastaafu wa Brandvold wana meza yao mkahawani kila Jumanne. Anayeuza hisa hununulia meza nzima pai, kisha anakaa kiti cha mwisho, mlangoni mwa choo, mwaka mzima. Wewe unaweza kucheka, lakini wao hawana utani. Mwenzao Leonard aliuza hisa hamsini kumtibia mbwa wake, na kiti kile alikikalia hadi mwaka ukaisha.

Sasa mimi sikusomea mambo ya hisa. Niliuza sandwichi na kahawa miaka ishirini na sita katika jengo la soko la hisa la Chicago, enzi zile madalali walipovaa makoti ya rangi na kupigiana kelele hadi sauti zikawakauka. Ukiisikiliza foleni ya sandwichi miaka yote hiyo, huwezi kutoka mikono mitupu.

"Basi usiuze," nikamwambia. "Nunua haki ya kuuza."

"Tofauti yake nini?"

"Kuna mtu unamlipa leo dola moja na senti kumi kwa kila hisa. Yeye anafungwa: hadi Ijumaa ya tatu ya Aprili, ukitaka, atazinunua kwako kwa dola arobaini, hata kama sokoni zinauzwa bei ya karanga. Zikipanda, unakaa na hisa zako na yeye anakaa na ada yake. Basi."

Nilimsikia akipiga hesabu nyuma ya kalenda. "Elfu nne na mia nne! We Bernadine, hiyo si bei ya tanuri jipya la kupasha nyumba joto?"

"Nyumba umeikatia bima?"

"Nimeikatia."

"Mwaka jana iliungua?"

"Una mdomo wewe," akasema, na nikajua amekubali.

Haki hizo huuzwa kwa mafungu ya hisa mia mia, kwa hiyo alinunua mafungu arobaini. Akauliza zile kumi na tatu zilizobaki zinalindwa na nani.

"Hazilindwi na mtu. Zinabaki nje."

"Ni za kwanza kabisa za Norbert, hizo. Alizinunua mwezi tuliooana."

"Basi na avae sweta," nikasema, akacheka hadi akakohoa.

Machi hisa zikapanda hadi hamsini na moja, na mimi nikakoma. Kila Jumanne alinipigia kutoka mkahawani, meza nzima ikisikiliza. "Halo, mwizi," ndiyo ilikuwa salamu. "Tanuri langu linaendeleaje huko?" Wazee wale wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, japo iliniuma.

Wiki ya kwanza ya Aprili mteja mkubwa wa Brandvold akavunja mkataba. Asubuhi hisa zilikuwa arobaini na nane, mchana ishirini na saba. Nilipompigia nilimkuta palepale mezani, lakini safari hii nilisikia vijiko tu.

"Leonard analia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Najisikia vibaya, mdogo wangu. Kama nimekuja na mwavuli peke yangu."

"Pole, Dada. Sasa itumie haki yako, tumalize."

"Si umesema hadi Ijumaa ya tatu ni yangu? Basi nangoja. Huenda zikapanda tena, nisiuze kabisa."

Nilibembeleza, nikafoka, wapi! Nikabaki kumwambia kwamba Ijumaa ya tatu mimi mwenyewe nitakuwa kwake kwa ajili ya Pasaka, na asubuhi ile tutampigia dalali akitaka asitake. Siku hiyo niliijua vizuri. Pale sokoni ndiyo siku sandwichi zangu zilipokuwa zikiisha kabla ya saa sita, kila haki ya mwezi ikifikia mwisho wake.

Ijumaa ilipofika hisa zilikuwa ishirini na sita. Tulikuwa jikoni, mayai ya kikapu cha Pasaka yanachemka. Delphine akavuta pumzi ndefu. "Haya. Uza."

Nikapiga simu, nikaweka sauti juu. Mashine ikajibu kwa upole kwamba ofisi zimefungwa kwa Ijumaa Kuu, soko nalo limefungwa, na haki zote zilizokuwa ziishe leo ziliisha jana jioni.

Nikakata simu. Tangu Jumatano ya Majivu tulikuwa tumefunga nyama, mayai yalikuwa mbele yetu, na bado sikuunganisha mambo. Miaka ishirini na sita sikuwahi kufanya kazi Ijumaa Kuu hata moja, kwa hiyo sikuwahi kujiuliza Ijumaa ya tatu inahamia wapi mwaka ambao yenyewe ndiyo Ijumaa Kuu.

"Jana jioni," alisema Delphine polepole, "mimi nilikuwa nimekaa kanisani, padri ananiosha miguu."

Hakunifokea. Angenifokea ningepona. Alizima jiko, akatoa viatu vya Norbert vya kuchezea pini kutoka kabatini, akaanza kuvipaka rangi ambayo havikuihitaji. Mimi nikachukua mzizi mkali tunaokula na nyama ya Pasaka, nikaukwangua na kulia, na nilishukuru kwamba mzizi ule humliza kila mtu.

Jumamosi tukapeleka kikapu cha vyakula vya Pasaka kubarikiwa, bila kusemezana. Tumepanga mstari ukumbini chini ya kanisa, padri anakuja na maji yake, simu ya Delphine ikalia ndani ya mkoba. Hakuwa na miwani. Akanipa.

Nikasoma mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili. Hisa elfu nne zimeuzwa, dola arobaini kila moja. Haki yenye faida, kumbe, ikifika siku ya mwisho hujitekeleza yenyewe. Haimngoji mwenyewe apige simu. Madalali hawakuwahi kulizungumza hilo kwenye foleni yangu.

Nilipiga ukelele. Padri alinimwagia maji usoni, na naapa alikusudia. Delphine aliniuliza kuna nini, nikamwambia, akakaa chini sakafuni na kikapu chake mapajani, akacheka na kulia pamoja.

Jumanne alinunulia meza nzima pai. Alijaribu kujitetea. "Sikuuza mimi! Zimejiuza zenyewe, mimi nikiwa naoshwa miguu!"

"Kuuza ni kuuza," alisema Leonard, akamvutia kiti cha mlangoni mwa choo. Lakini alikifuta kwanza kwa leso yake.

Mei mosi Mzee Lambert alimkabidhi funguo. Wiki mbili baadaye ulikuwa mkutano mkuu wa Brandvold, nami nilimsindikiza. Mlangoni kijana wa kampuni aliangalia orodha yake. "Mama ni mwenye hisa?"

"Kumi na tatu," Delphine akajibu, kifua mbele, na kijana akampa kitambulisho na tiketi ya soseji kama wenzake.

Bei ilikuwa imeshuka hadi ishirini na nne. Tulipokaa nikamnong'oneza kwamba hata hizo zingeweza kuuzwa siku yoyote, na sasa hakuna meza ya kumhukumu, maana kiti cha mwisho ameshakikalia.

"Hizi hapana," alisema, akikibandika kitambulisho kwenye koti la Norbert alilokuwa amelivaa. "Hizi zikianguka, zianguke na mimi."