Jogoo Aliyeshuka Lilongwe

Mwaka 2003, wakati watu wa Kivu wakiikimbia vita kwa miguu na kwa mitumbwi, Lucien alifika Malawi kwa ndege, kwa hiari yake, tena kwa kujifurahisha. Watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka walipata taabu kulielewa jambo hilo. Wao walikuwa wamevuka nchi na nchi, mizigo mgongoni, wakila vya njiani na kulala popote, na hakuna hata mmoja aliyewadokeza kwamba ule ulikuwa utalii wa bei nafuu. Wangejua, labda wangepiga picha.

Esperance hakujali kama ni utalii au ni wazimu. Lucien alikuwa mtoto wa dada yake aliyefia njiani walipotoka Bukavu, na mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna mjadala. Alimlea kwenye matope na kwenye mahema mpaka kanisa moja la Montréal lilipomchukua akiwa ndio kwanza anaota ndevu. Sasa anarudi mwanamume. Esperance akamnenepesha jogoo kwa makombo ambayo yeye mwenyewe angeyala, akatafuta unga wa muhogo kwa wakimbizi wenzake wa Fizi, akakopa viti kwa jirani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, ila hawakusema mwenyeji atapona nini.

Lucien alifika Jumamosi akiwa na begi refu la mgongoni na suruali iliyotoboka magoti yote mawili. Fundi Byamungu, aliyekuwa mlangoni pake na cherehani yake, alimhurumia.

"Leta hiyo pantalon nikushonee, mutoto ya kwetu. Bure."

Lucien alicheka, akamweleza kwamba iliuzwa hivyo hivyo, imetobolewa kiwandani, na kwamba zisizotoboka ni rahisi zaidi. Byamungu akatoa miguu kwenye pedali za cherehani kama aliyeletewa habari za msiba.

Ingekuwa heri kijana angekwenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo. Lakini Lucien alikuwa amekuja kuonja maisha ya watu, na maisha ya watu, kwa jinsi alivyofundishwa huko alikotoka, yanapatikana barabarani. Akapita soko la kambini. Akala mishikaki kwa Ndikuriyo, yule Mrundi mwenye moshi mwingi. Akala mandazi. Akanywa togwa ya Wamalawi kwenye kikopo, akakipiga picha na kikopo chenyewe. Alipofika kwa Esperance midomo ilikuwa inang'aa mafuta.

"Mama mudogo, nimeshiba!" akasema, akimkumbatia. "Nimekula soko yote! Ile njo maisha ya kweli!"

Jogoo alikuwa amefungwa mguu nyuma ya nyumba, akisubiri kisu. Lucien akanywa maji ya chupa yake mwenyewe, akasema kwamba wenzake wanamngoja kwenye nyumba ya wageni ya bei poa kule mjini, Area 18, na kwamba Alhamisi watamalizia safari yao katika soko kubwa la Lilongwe, saa sita, kabla ya kupanda ndege. Akaondoka na vile viti vya kukopa havijapata joto.

Msomaji asiyetoka kwetu anaweza kusema: kijana ameshiba, kosa liko wapi? Kosa ni kwamba kwetu mgeni anayekula njiani kabla ya kuingia kwako ameutangazia ulimwengu kwamba nyumba yako haina moto. Tena mtu mzima wa Bukavu haonekani akitafuna barabarani. Hata karanga huzipeleka kwanza nyumbani. Na mtoto uliyemlea akikuambia "nimeshiba" mlangoni pako, ni kana kwamba amekuambia hakukujua kamwe.

Kambi ilisikia kabla jua halijatua. Sabine, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakuweza kuvumilia.

"Mama Espé, banasema mutoto alikula kwa Ndikuriyo. Kwako chakula ilikosa?"

"Haikukosa. Alikuwa na haraka."

"Aah. Haraka." Sabine akalirudia lile neno kama mtu anayepima chumvi.

Kwenye maombi ya akina mama ya Jumatatu, mmoja wao alimsihi Bwana azikumbuke nyumba zisizo na cha kumwekea mgeni mezani. Macho alikuwa ameyafumba kwa unyenyekevu, ila uso aliuelekeza pale pale alipokaa Esperance. Wote wakaitika amina, Esperance naye akaitika, angefanyaje?

Usiku ule aliamua. Kama mtoto huyu anakula barabarani tu, basi nyumba itahamia barabarani. Hakutaka kingine duniani ila Lucien ale kwa mkono wake kabla ya ndege kuruka, ili yeye arudi Dzaleka na aweze kusema neno moja mbele ya Sabine: amekula.

Aliomba ruhusa ya kutoka kambini akisema jino linamuuma na anakwenda hospitali ya Likuni. Jino lenyewe liling'olewa Bukavu kabla ya vita. Alhamisi, alfajiri, alimchinja jogoo, akampika kwa vitunguu na nyanya, akasonga bugali ya muhogo, akatwanga majani ya muhogo ya sombe, akafunga sufuria zote ndani ya vitenge viwili, na kufikia saa nne alikuwa katikati ya soko la Lilongwe, mwanamke mwenye diploma ya ualimu, ameketi chini kando ya mwanamume anayekaanga viazi kwenye bati. Hakuwahi kuuza kitu maishani mwake, na aibu ilimtoa jasho kuliko ule moto.

Mkaanga viazi alimsogezea kigoda na kumpa pembe ya moto wake apashie sufuria.

"Zikomo, bambo," Esperance akamshukuru. Chichewa chake chote kiliishia karibu na hapo.

Harufu ya jogoo ikaanza kufanya kazi yake. Wabeba mizigo walikuja, waendesha kabaza walikuja na baiskeli zao za abiria, wote aliwafukuza kwa mkono. Mkaanga viazi akatikisa kichwa. Alikuwa ameona wauzaji wasio na wateja, lakini muuzaji anayewakimbiza hakuwa amemwona bado.

Saa sita Lucien akatokea na wenzake wawili, binti mwenye nywele nyekundu na kijana mrefu mwenye kamera. Lucien alikuwa ameshika kijiti chenye panya wa kuchomwa, anawaeleza wenzake jinsi wanavyotafunwa pamoja na mifupa. Lucien huyu, ambaye utotoni alikataa visamaki vya ndagala kwa sababu vina macho!

Alipomwona Esperance, kijiti kilishuka.

"Hapa panaonekana pa kweli!" binti akasema kwa Kifaransa, na kabla Lucien hajafungua mdomo alikuwa amekwisha kaa. Lucien akamwamkia kwa Kiswahili, na Esperance akapakua. Sahani ya Lucien aliijaza mpaka pomoni, na mapaja yote mawili ya jogoo yakaenda huko.

Lucien alikula. Alimega bugali, akaibonyeza kwa kidole gumba, akachota mchuzi, akala kwa haraka kichwa kikiwa chini, kama alivyokuwa akila akirudi kutoka shule. Esperance alimtazama na furaha ikampanda. Amekula. Sabine na afe.

"Unamfahamu huyu mama?" binti akauliza. "Amekupendelea!"

Lucien aliinua macho. Alijua vizuri kwamba Esperance anasikia Kifaransa, maana Kifaransa chenyewe alifundishwa naye.

"Hapana," akasema. "Ni mama wa sokoni tu."

"Anazungumza Kiswahili vizuri, sivyo?" binti akamgeukia Esperance. "Amezaliwa kwetu Montréal, amejifunza kwa kaseti."

Macho ya Lucien yalikuwa yanaomba. Neno moja tu, "mwanangu", lingetosha kuiangusha Montréal yote. Maneno ya kijana yalimchoma Esperance, yakamchoma sana, na bado hakuweza kumwaibisha mtoto mbele ya watu.

"Anazungumza vizuri," alijibu kwa Kifaransa safi. "Mwalimu wake alifanya kazi."

Lucien akatoa noti kwa haraka, alipie wote watatu, yaishe. Esperance aliipokea kwa mikono miwili. Akaazima hela ndogo kwa mkaanga viazi, akamrudishia Lucien chenji yake, hakupunguza kitu.

"Aksanti, patron," akasema, kama kwa mteja yeyote.

Wenzake walikwisha tangulia kuelekea kwenye daraja la mbao la pale sokoni, wakicheka. Lucien alibaki amesimama, chenji mkononi.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, kwa Kiswahili cha nyumbani, sasa kwa kuwa hapakuwa na wa kumsikia. "Mama mudogo."

Esperance alikuwa amekwisha funua sufuria na kuwaita waendesha kabaza waje.

"Patron, pisha kidogo," akamwambia. "Bantu banangoja kula."

Lucien akapisha.