Mwondoeni Baba Yangu Mezani

Jina lake Subira, lakini subira yenyewe hana hata chembe, na leo ndiyo kabisa. Ametoka Tanga mpaka mji wa Oaxaca, huko Meksiko, kuuza kofia anazotarizi mwenyewe kwenye maonyesho ya kazi za mikono, na tangu juzi mdogo wake Mbaruku anampigia simu kumwambia baba yao kalala tu, hafumbui macho. Mchana huu, keshashiba wali na ule mchuzi wao mweusi wa pilipili na chokoleti, anaegemea furushi la kofia kibandani kwake, chini ya picha ya baba aliyoitundika, anasema ngoja nifunge macho kidogo, na usingizi unambeba mzima mzima.

Anainuka, anatembea. Soko la maonyesho ni lile lile ila halina mwisho, wanawake wanapigapiga chapati za mahindi viganjani, vyungu vyeusi vinang'aa, mafuvu ya sukari yameandikwa majina ya watu, na kwenye meza yenye maua ya manjano, katikati ya mishumaa na mikate, imesimama picha ya baba yake. Ile ile aliyoitundika kibandani. Subira anaijua meza hiyo, ameshaelezwa: ni ya kuwakaribisha wafu waje kula. Damu inampanda. Nani kaiweka hapa? Mimi, anajibu muuza mikate, na chini ya mtandio wake hapana uso, pametandazika kama donge la unga. Nimeona umetundika picha ya mzee, nikasema maskini, mgeni hana meza, nimsaidie. Umsaidie nini wewe! Baba yangu yu hai! Huo ni uchuro, unamchuria mzee wa watu! Anayekuja hajafa, anasema yule, na aliyekufa hajaja. Huyu wako yuko njiani, au yuko mlangoni? Nani kakuuliza mafumbo! Subira anaipokonya picha, anakimbia, na kila kona anayokata inamrudisha kwenye meza ile ile, picha imeshasimama tena, kubwa zaidi, mikate imeongezeka, na kina mama wasio na nyuso wanaitikia, karibu mzee, karibu mzee. Mwacheni baba yangu! Komeni!

Kona ya mwisho hapana picha. Yupo baba mwenyewe, kakaa kwenye kigoda, anachovya mkate kwenye kikombe cha chokoleti. Baba, usile! Hata shikamoo hakuna siku hizi? Nina njaa, Subira. Hawa wamenikaribisha. Wewe uko wapi? Neno hilo linamuuma, na linavyomuuma ndivyo anavyozidi kukasirika. Tangu azaliwe hajawahi kumfokea baba yake, leo anamfokea. Simama twende nyumbani! Mkate unafika mdomoni. Anaunyakua, anaupiga chini, anaipindua meza na mishumaa yake yote.

Simu inalia. Subira yuko chini, kofia zimetapakaa, na muuza mikate wa kibanda cha jirani, mwenye macho yake mawili, anamshika mkono kumwinua. Subira anapokea. Ni Mbaruku, analia huku anacheka. Dada, baba kaamka! Kaamka na ugomvi, katugombeza wote humu ndani, anasema nani kamnyang'anya mkate mdomoni.

Subira anajifinya mkono mara tatu, na mara zote unauma, lakini hata kule ndotoni aliumia. Mwambie ni mimi, anafoka, na akila tena kwa watu nitamnyang'anya tena.