Trei Nje ya Mlango

Kila mtu alimwita Mpishi, hata marehemu mumewe, kwa sababu alipikia shule ya bweni miaka thelathini na moja na hakuwahi kulala akiacha sufuria chafu. Ukimwuliza kitu gani kinamkera duniani, hatakutajia vita wala njaa. Atakutajia sahani yenye mafuta yaliyoganda.

Safari ya meli haikuwa wazo lake. Watoto wa wifi yake walimkatia mama yao tiketi ya watu wawili, siku tisa baharini kwenye meli ya watalii, na wifi naye alikuwa mjane.

"Nani mwingine nitagombana naye siku tisa?" wifi alimwambia kwenye simu. "Funga begi."

Walipewa chumba cha katikati ya meli, kisicho na dirisha. Kulikuwa na vitanda viwili vilivyoachana nafasi ya kupita mtu kwa ubavu, meza moja yenye kioo, na bafu ambalo ukikaa chooni magoti yanagusa mlango. Juu ya meza paliwekwa kadi. Wifi alivaa miwani akaisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Mpendwa mgeni, vyombo ulivyotumia viache mezani, mhudumu atakuja kuvichukua. Ukitaka vichukuliwe mapema, tupigie simu. Tafadhali usiweke vyombo kwenye korido."

"Yaani tulale navyo?" Mpishi aliuliza.

"Ndivyo walivyoandika wenye meli yao."

"Kwani wenye meli yao hawana pua?"

Katika chumba kilichotazamana na chao walikaa seremala mstaafu na mkewe. Seremala alikuwa na miaka sabini na tisa, na alikuwa na mtindo wa kugonga milango na kuta kwa kifundo cha kidole halafu anasikiliza. "Hii si mbao," alimwambia Mpishi siku ya kwanza kwenye korido, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Ni unga wa mbao na gundi. Meli yote hii, hakuna ubao." Mkewe akamvuta mkono. "Twende, baba. Mwache mwenzio apumzike."

Mhudumu wa vyumba vyao alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyehudumia vyumba kumi na sita peke yake. Siku ya pili tu alikuwa ameshawaonyesha picha za mabinti zake watatu kwenye simu.

Siku ya nne bahari ilichafuka. Wifi akashikwa na kichefuchefu asubuhi, na kufikia mchana hakuweza hata kukaa. Mpishi akaomba chakula kiletwe chumbani. Mhudumu alileta trei yenye mabakuli mawili ya supu ya nyama, mkate na birika la chai. Wifi alikunywa vijiko vitatu, akageukia ukutani.

"Toa hiyo supu," alisema. "Harufu yake inanipanda kichwani."

"Ngoja kwanza ulale."

Wifi akalala. Supu ikapoa, mafuta yakaganda juu kama nta, na chumba kisicho na dirisha kikajaa ile harufu. Mpishi aliitazama simu. Akiongea, atamwamsha mgonjwa. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa. Lakini ukweli, kama alivyokuja kusema mwenyewe baadaye, ni kwamba aliona haya. Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyebeba sahani za wengine. Kumwita mtu mzima mwenye familia yake aje kuinua bakuli alilotumia yeye, mdomo ulikuwa mzito.

Basi akavipanga vyombo kama alivyojua kuvipanga: bakuli kubwa chini, dogo juu, vijiko ndani ya kikombe, kitambaa cheupe juu ya vyote. Akafungua mlango, akachungulia kulia na kushoto kama mwizi, akaisukuma trei mpaka ikabana ukutani, hatua moja kutoka mlangoni. Akarudi ndani akajinyoosha kitandani. Ilikuwa kama saa tisa kasorobo alasiri.

King'ora kililia saa tisa na dakika chache. Milio saba mifupi, mmoja mrefu. Walifundishwa siku ya kwanza, kwa hiyo Mpishi alijua maana yake ni hatari kabla akili haijataka kukubali. Akamvuta wifi yake miguu.

"Wifi! Amka! Meli!"

"Meli imefanya nini?"

Kabla hajajibu, taa zilizimika.

Giza la chumba kisicho na dirisha si giza la kawaida. Mpishi aliinua mkono mbele ya uso wake, asiuone. King'ora kiliendelea kulia ndani ya kuta, ndani ya kitanda, ndani ya meno yake. Halafu pua yake, ile pua iliyozoea jiko, ikanusa kitu kinachoungua ambacho si chakula. Kitambaa. Nguo zinazoungua.

Walipapasa kabati, wakapata majaketi ya kuokolea maisha. Wifi alivaa lake kinyume. Mpishi alimfunga kamba, fundo likagoma mara tatu.

"Ukiniacha, nitakusumbua hata nikifa," wifi alisema. Wakati mwingine wangecheka.

Kwenye korido kulikuwa na watu, lakini hawakuonekana. Zilisikika pumzi, mtu anaita jina la mtoto, mtu anasali kwa haraka. Kitu pekee kilichoonekana ni mstari mwembamba wa kijani uliong'aa chini ya ukuta, pale ukuta unapokutana na zulia. Siku ya mafunzo waliambiwa: taa zikizimika, fuateni mstari, utawafikisha kwenye ngazi.

Mpishi aliutazama mstari ule. Hatua moja mbele yake mstari ulikatika. Kipande kizima, urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko, kilikuwa cheusi. Baada ya hapo ukaendelea.

Alijua palipokatika pana nini. Akafungua mdomo apige kelele, na wakati huo huo akasikia.

Mtu aliyeosha vyombo maisha yake yote hakosei sauti. Lilivunjika bakuli kubwa, kisha dogo, kisha kikombe. Birika likagonga ukuta. Baada ya hapo kikaanguka kitu kizito, na sauti ya mwanamke ikakata korido: "Baba! Baba yuko wapi?"

"Msisukumane!" Mpishi alipiga kelele. "Kuna mtu chini! Simameni!"

Waliokuwa nyuma hawakusikia, walizidi kuja. Mpishi alipiga magoti, akapapasa, akagusa bega, akagusa nywele chache, akagusa unyevu. Hakujua kama ni supu au damu. Akajilaza juu ya yule mzee ili watu wamkanyage yeye. Goti la mtu lilimpiga mgongoni, kiatu kikamkanyaga kidole. Chini yake seremala alikuwa akipumua kwa vipande vipande, na kila pumzi Mpishi alihesabu akingoja ile ambayo haitakuja.

Tochi ilitokea. Alikuwa mhudumu, amevaa kizibao cha njano, anawapanga watu upande mmoja kwa sauti ambayo Mpishi hakujua kama anayo. Alimwinua seremala kwa msaada wa abiria mwingine, wakambeba. Mwanga wa tochi ukapita sakafuni, ukaonyesha vipande vya vyombo na kitambaa cheupe kimekanyagwa.

"Nani ameweka hii hapa?" mhudumu aliuliza.

Mpishi alisikia wifi yake akivuta pumzi. Akanyamaza.

Walikaa sehemu ya kukusanyikia, juu, saa mbili nzima, mamia ya watu na majaketi yao ya rangi ya machungwa. Mwishowe nahodha alitangaza: moto ulianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo, umezimwa, meli ni salama. Watu walikumbatiana. Mpishi hakukumbatia mtu. Hofu ya kuzama ilikuwa imeondoka na nafasi yake imekaliwa na nyingine, mbaya zaidi, maana hii alikuwa nayo peke yake.

Waliporudi chumbani, taa zilikuwa zimewaka na zulia limeshafagiliwa. Hawakumaliza hata kuvua majaketi, wakasikia sauti nje ya mlango. Alikuwa msimamizi wa vyumba, mwanamke mwenye redio begani, na mhudumu.

"Korido hii ni ya nani?"

"Yangu, mkuu."

"Sheria inasemaje kuhusu vyombo?"

"Visikae sakafuni hata dakika. Lakini nilipita saa nane na nusu, mkuu, hapakuwa na kitu. Naapa."

"Kwa hiyo trei ilitembea yenyewe? Mzee wa watu amevunjika nyonga. Bandari inayofuata unashuka. Kafungashe."

"Sawa, mkuu." Hiyo "sawa" ndiyo iliyomchoma Mpishi.

Wifi alikaa kitandani, uso umemsawajika. "Mimi ni wifi yako," alisema polepole. "Ukinyamaza, siwezi kukusema. Lakini usitegemee nitaweza kukutazama."

"Watanifunga?"

"Sijui."

"Na yule mzee akifa?"

"Sijui, wifi. Usiniulize mimi."

Mpishi alisimama. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua tatu. Alisema baadaye kwamba kwenye giza na moshi aliweza kutembea, ila hatua hizo tatu ndizo zilizomshinda. Alishika kitasa, akakiachia, akakishika tena. Akafungua.

"Trei ni yangu," alisema. "Niliitoa mimi, saa tisa kasorobo. Kadi nilisomewa. Kijana wa watu hana kosa."

Mhudumu, mwenye mvi kidevuni, aliinamisha kichwa aliposikia akiitwa kijana. Msimamizi alitoa kalamu.

"Mama, nikiandika hivyo, jina lako linaingia kwenye ripoti. Familia ya mzee inaweza kukushtaki. Umeelewa?"

Mpishi alishika ukuta. "Nimeelewa. Andika."

Msimamizi akaandika palepale, akamsainisha. Kisha akamgeukia mhudumu. "Rudi kazini," alimwambia, akaondoka. Mhudumu alimshika Mpishi mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake.

Kwenye zahanati ya meli mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mke wa seremala, aliyeshaambiwa trei ilikuwa ya nani, alimzuia mlangoni.

"Nisamehe, dada."

"Usiniite dada."

"Nimekuja kujua hali yake."

"Nyonga imevunjika, anahitaji upasuaji, na bandari iko siku mbili. Daktari anasema moyo wake hana uhakika nao. Hiyo ndiyo hali yake. Nenda."

Siku mbili hizo Mpishi hakula. Kila redio ilipokoroma kwenye korido, alidhani ni taarifa ya kifo. Kila hatua za watu zilipopunguza mwendo karibu na mlango, alikaa wima. Wifi alipona kichefuchefu, akawa ndiye anayemlisha mkate kwa kumlazimisha, kipande kwa kipande, bila utani hata mmoja.

Asubuhi ya siku ya sita, meli ikiwa inafunga kamba bandarini, mlango uligongwa. Alikuwa mke wa seremala. Macho yamevimba.

"Nimeshindwa kufunga mabegi," alisema. "Zipu zinanishinda. Gari la wagonjwa limefika."

Mpishi alivuka korido. Alikunja mashati ya seremala moja moja, akapanga dawa pembeni ili zisipotee, akafunga zipu. Mama yule alikaa kitandani akimtazama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Nipe namba yako ya simu. Akipona nitakwambia. Na asipopona nitakwambia pia. Sitaki ukae huko kwako ukijidanganya kwa lolote."

Mpishi akaandika namba, akabeba begi kubwa, wakashuka pamoja. Seremala alikuwa kwenye machela, amefungwa mikanda, dawa za maumivu zimemlegeza macho. Alimwona Mpishi, akakunja uso akijaribu kukumbuka.

"Ni wewe mwenye supu?"

"Ni mimi, baba."

"Ilikuwa imeganda," alisema kwa shida. "Shati zima."

Mmoja wa wabeba machela alicheka. Mke wa seremala hakucheka. Mpishi alilia pale pale kwenye ngazi, begi mkononi, mpaka wifi akaja kumchukua.

Alirudi nyumbani, na wiki mbili zikapita simu ikiwa mfukoni mwa aproni, hata anapolala iko chini ya mto. Kila namba ngeni ilimkata maini. Siku ya kumi na sita, akiwa anachambua mchele, ikalia. Aliijua sauti kabla haijamaliza neno la kwanza, na punje zikamwagika kwenye mapaja yake.

"Leo amesimama," mke wa seremala alisema. "Ametembea hatua nne, mpaka dirishani, akishikiliwa. Amechoka, sasa amelala."

"Namshukuru Mungu," Mpishi alinong'ona. "Na wewe, je? Unalala?"

Upande wa pili kiti kilivutwa, kama mtu anayekaa.

"Kidogo," yule mama akasema. "Kesho nitapiga tena."